Nyumba ya Matroni Truphosa

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kuchelea ni kuogopa. Maana ya methali hii ni kwamba mzazi anayeogopa machozi ya mwanawe, akamwachia kila analolitaka, siku moja machozi hayo yatahamia machoni pake mwenyewe. Wengi wetu tuliiandika darasani na kuipigia mstari kwa rula, lakini aijuaye kwa kalamu hajaijua bado. Truphosa Nafula wa mtaa wa Free Area, Nakuru, aliijua kwa namna nyingine. Ukimtembelea leo atakusimulia kisa chake bila haya, na akifika katikati atamshukuru Mungu, halafu amshukuru mwanamke mmoja ambaye hapo awali alimchukia kama ukoma.

Truphosa alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana kwa miaka ishirini na minane. Wasichana mia nne walimwogopa kama simba. Sauti ya viatu vyake ikisikika kwenye ujia, bweni zima lilitulia kama maji mtungini. Machozi hayakumtikisa hata chembe. Msichana aliyelia ili apewe ruhusa ya kwenda nyumbani bila sababu alipewa kitambaa cha kupangusia macho, kisha akapewa ufagio. Walakini, mganga hajigangi. Nyumbani kwake kulikuwa na mtu mmoja aliyeweza kumyeyusha kama mafuta juani, naye ni kitinda mimba wake, Lewis Masinde.

Lewis alizaliwa miezi mitatu baada ya baba yake kuzikwa. Alikuwa kijana mcheshi, mwepesi wa mikono na wa miguu, na hakuwa na tabia mbaya mitaani. Kasoro yake ilikuwa moja: hakujua kukataliwa. Akinyimwa jambo, midomo ilianza kutetemeka na macho yakajaa, hata alipotimiza miaka ishirini na minne na ndevu zikamwota. Truphosa alipoiona midomo ile, aliiona sura ya marehemu mumewe akiwa kitandani siku zake za mwisho, na hapo nguvu zote zilimwisha. Dada yake Lewis, Trizah, aliyefanya kazi katika shamba la maua huko Kamere, alizoea kusema kwamba mama yao aliuacha ukali wake kwa bawabu wa shule kila alipotoka kazini.

Alipostaafu, Truphosa aliamua kujenga. Kiwanja alikuwa nacho. Kilikuwa cha familia ya mumewe, ambayo ilifika Nakuru kutoka magharibi enzi za babu aliyekuwa akitia makaa kwenye gari moshi. Katika kona ya kiwanja kulikuwa na nyumba ndogo ya mabati alimoishi na Lewis, na sehemu iliyobaki ilitosha kujengwa nyumba ya kupangisha ya ghorofa moja yenye vyumba vinane, vinne chini na vinne juu. Alitafuta mchoraji, michoro ikapelekwa kaunti, ikapigwa muhuri. Truphosa aliikunja ile karatasi kubwa ya samawati, akaiweka ndani ya Biblia kwa muda wa wiki nzima.

Ndani ya michoro hiyo kulikuwa na mambo mawili ambayo Lewis hakuyapenda. La kwanza ni kwamba mlangoni hapakuchorwa ngazi peke yake, bali pia njia ndefu ya mteremko, ile ambayo mafundi huiita rampu, ili mtu mwenye kiti cha magurudumu aweze kuingia bila kubebwa. La pili ni choo cha chini chenye mlango mpana na nafasi ya kugeuzia kiti hicho. Lewis alisema nafasi yote hiyo ilikuwa inatupwa bure. Alitaka pale penye rampu pajengwe kibanda chake cha kuchaji na kutengeneza simu, kinachotazama barabara.

Kabla ya hilo la kibanda kulikuwa na la umeme. Lewis alikuwa amewafuata mafundi wa umeme kwa miaka miwili, akiwabebea ngazi na kuwavutia nyaya, hatimaye akajiona fundi kamili. Leseni hakuwa nayo, wala mtihani hakuwa ameukalia. Truphosa alijua kwamba sheria inataka kazi ile ifanywe na fundi mwenye leseni, ambaye mwishoni hutia sahihi cheti cha kuthibitisha kwamba nyaya ni salama, ndipo mita iletwe. Alimwambia mwanawe hivyo jioni moja walipokuwa wakila. Lewis aliweka kijiko chini.

"Mathe, unatafuta fundi wa nini na mimi niko?" alisema. "Watu mtaani watasema hata mama yake hamwamini."

Truphosa alimweleza kuwa suala si kuaminiana, ni sheria. Midomo ya Lewis ikaanza kutetemeka.

"Baba angekuwepo angeniamini," akasema kwa sauti ya chini, akainuka na kwenda kulala bila kumaliza chakula.

Asubuhi yake Truphosa alimpa kazi. Mwezi uliofuata akampa na kibanda. Fundi mwashi aliuliza mara mbili kama kweli rampu iachwe ilhali imo kwenye michoro, naye akajibu kwamba hakuna mlemavu katika ukoo wake. Mlango wa choo nao ukapunguzwa ili kibanda kipate upana. Trizah alipopiga simu kutoka Kamere na kumkanya, Truphosa alimjibu kuwa mtoto yule alivunjwa moyo kabla hata hajazaliwa, na yeye hakuwa tayari kumvunja mara ya pili.

Nyumba ikakamilika mwezi wa Machi, ikapakwa rangi ya krimu na mistari ya kahawia. Ilipendeza kama bibi harusi. Wapangaji walianza kuulizia kabla rangi haijakauka. Mmoja wao alikuwa mwalimu mwenye watoto pacha wa miaka mitatu, aliyekichagua chumba cha juu chenye veranda kwa sababu kilipata jua la asubuhi. Kilichobaki kilikuwa ukaguzi wa mwisho, ili itolewe ruhusa ya watu kuhamia.

Afisa aliyetumwa na kaunti aliitwa Emmy Jepchumba. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mpole wa maneno, aliyevaa gambuti na kubeba utepe wa kupimia, pimamaji na nakala ya ile michoro. Truphosa alikuwa amemwandalia chai na maandazi. Jepchumba alishukuru, akasema atakunywa akimaliza, akaanza kupima. Alipima mlango wa choo, ukawa sentimita sitini na tano badala ya tisini. Alisimama mbele ya vipandio vitatu vya mlangoni, akaitazama michoro, akakitazama kibanda, kisha akaitazama michoro tena. Mwisho akaomba cheti cha umeme.

"Fundi ni mimi," Lewis alisema akitabasamu.

"Vizuri. Leseni yako iko wapi?"

Lewis alianza kueleza habari za miaka yake miwili ya kazi. Jepchumba alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akaandika kwenye daftari lake. Truphosa alipoona kalamu ile inavyokwenda, aliingia kati. Alisimulia ujane wake, akasimulia miaka ishirini na minane ya kuamka alfajiri, akaonyesha mikono yake. Alilia. Yeye aliyewafagilisha mabweni wasichana wenye machozi alilia mbele ya mgeni, na maandazi yakapoa mezani.

"Mama, nimekusikia," Jepchumba alimwambia. "Lakini nikikuhurumia wewe leo, wale watakaolala humu watahurumiwa na nani? Rekebisha haya matatu, unipigie simu. Nitakuja siku hiyohiyo."

Akaandika ilani kwamba nyumba isikaliwe na mtu yeyote, akaibandika mlangoni, akaondoka bila kunywa chai.

Chuki aliyobaki nayo Truphosa siku ile haikuwa na kifani. Kanisani aliwaambia wenzake wa kikundi cha akina mama kwamba yule mwanamke ana moyo wa jiwe, na kwamba kwa hakika alikuwa akingoja apewe kitu kidogo. Jambo hilo halikuwa kweli, naye alijua si kweli, ila ulimi wenye hasira hauna breki. Hata hivyo hakurekebisha lolote. Kila alipotaja kutafuta fundi mwingine, Lewis alinuna, akakaa ndani ya kibanda chake bila kufungua dirisha.

Baada ya majuma matatu Lewis alichoka kungoja. Alivuta waya kutoka kwenye nyumba ya mabati, akaupitisha juu ya kamba ya nguo hadi kwenye nyumba mpya, akawasha taa za vyumba vyote ili wapangaji wasije wakakata tamaa. Truphosa aliuona waya ule. Alijua ni hatari. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kijana alikuwa akipiga mluzi, kwa hiyo akageuza uso upande mwingine.

Ilikuwa Jumamosi, mwendo wa saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na sasa jua lilikuwa limetoka, Truphosa akawa uani akianika mahindi. Lewis alikuwa juu kwenye veranda ya kile chumba cha mwalimu. Alikuwa ameegemeza ngazi ya chuma ukutani, akifunga vizuri taa ya nje yenye kasha la bati. Truphosa alisikia mlio kama wa mtu anayekohoa bila kupata pumzi. Aliinua macho. Mwanawe alikuwa ameganda kwenye ngazi, mkono umeshika kasha la taa, mwili wote ukitetemeka.

Kila mama angekimbilia kwa mwanawe. Truphosa alikimbilia upande wa pili. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba aliyenaswa na umeme haguswi, kwanza unakatwa. Mafunzo hayo yalikuwa yameingia hadi kwenye miguu yake, nayo miguu ikampeleka kwenye nyumba ya mabati kabla akili haijawaza lolote. Aliizima swichi kuu. Umeme ulimwachilia Lewis papo hapo, naye akaanguka kutoka ghorofani kama gunia, hadi kwenye saruji ya uani.

Hospitalini daktari alimweleza Truphosa mambo mawili. La kwanza ni kwamba sekunde chache zaidi zingetosha kuusimamisha moyo wa kijana, kwa hiyo mkono uliozima swichi ndio uliomwokoa. La pili ni kwamba paja lilikuwa limevunjika pahali pawili na nyonga ilikuwa imepata ufa. Angepasuliwa na kutiwa chuma, kisha asikanyagie mguu huo kwa miezi minne. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeungua hadi ngozi ya ndani.

Lewis alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Hapo ndipo Truphosa alipoanza kuiona nyumba yake kwa macho mengine. Choo cha nyumba ya mabati kilikuwa mbali, nyuma ya kiwanja, na njia yake ilikuwa tope tupu. Choo cha karibu kilikuwa kile cha chini katika nyumba mpya. Alimsukuma Lewis hadi kwenye vile vipandio vitatu, na pale kiti kikakwama. Alimwita jirani, wakamwinua pamoja na kiti chake, wakamfikisha ndani. Walipofika kwenye mlango wa choo, magurudumu yaligonga miimo huku na huku. Hayakupita. Ilibidi mama wa miaka sitini na mmoja amkumbatie mwanawe mkubwa kwapani na kumburuta, naye akiuma meno kwa maumivu, kuupita mlango ambao yeye mwenyewe Lewis aliagiza upunguzwe.

Lewis hakulia. Alikuwa ametazama chini tu kama mtu anayesoma barua ndefu. Aliyelia ni Truphosa. Alimngoja mwanawe nje ya choo kile, akaegemea ukuta wenye rangi mpya, akalia kwa kwikwi hadi jirani akaondoka kwa aibu. Alililia mguu wa mwanawe, akalilia chakula kile cha jioni ambacho hakikumalizwa, akalilia jibu alilompa Trizah. Kisha, katikati ya kilio, akawakumbuka wale pacha. Kama si ilani ya Jepchumba, siku ile ya Jumamosi watoto wale wangekuwa wakicheza kwenye veranda, wakishika kila kinachong'aa. Akajikuta akisema "asante" kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Jumatatu alifunga kilemba, akaenda kwenye ofisi ya ukaguzi. Njiani alijiandaa kusikia lile neno ambalo kila aliyeonya hupenda kulisema. Jepchumba hakulisema. Aliuliza kwanza hali ya Lewis, kama anakula na kama analala, ndipo akaitoa ile michoro na kuitandaza mezani. Truphosa aliomba aelekezwe kwa fundi mzuri.

"Kukuchagulia fundi siruhusiwi, mama," Jepchumba alisema. "Akija yeyote, mwombe leseni. Soma jina, soma tarehe, linganisha na kitambulisho chake. Usione haya."

Kwa njia hiyo Truphosa alimpata Kimaiyo, mzee wa miaka hamsini na kitu, mzito wa mwendo, aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu. Alipoombwa leseni hakukasirika. Aliitoa mfukoni ikiwa ndani ya karatasi ya plastiki, akangoja isomwe, akairudisha. Alizunguka nyumba nzima akigongagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Mwishoni alisema nyaya zote zifukuliwe, kazi ianze upya.

Lewis, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni, alibadilika uso. Aliomba, tena kwa heshima, kwamba Kimaiyo arekebishe ile taa ya nje pekee, kisha atie sahihi. Nyingine zote zilikuwa zikiwaka vizuri.

"Siweki sahihi kwenye waya ambao sijauona," Kimaiyo alijibu, akatoka nje ili mama na mwana wazungumze.

Lewis alimgeukia mamake. Alimwambia kwamba alikaa miezi mitano akizitia nyaya zile ukutani, chumba baada ya chumba, na kwamba ndiyo kazi pekee aliyowahi kuianza na kuimaliza maishani. Alimwomba asiiache ivunjwe mbele ya macho yake, yeye akiwa amekaa pale hawezi hata kusimama. Midomo ilianza kutetemeka. Safari hii machozi hayakuwa ya deko. Yalikuwa ya kweli, ya mtu mzima, nayo yalimchoma Truphosa kuliko yote aliyowahi kuyaona. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mwanawe, akamshika mkono uliofungwa bendeji.

"Lia, mwanangu," alisema. "Lia mpaka utosheke, niko hapa nawe. Lakini ukuta utavunjwa."

Akainuka, akaenda kumwita Kimaiyo.

Patasi ya kwanza iligonga ukuta wa chumba cha kwanza saa tatu asubuhi ya siku iliyofuata. Truphosa alimwambia Lewis kwamba anaweza kukaa nyumba ya mabati ili asione. Lewis alikataa, akasukumwa hadi ndani, akaketi akiwa amekunja mikono. Kufikia adhuhuri mikono ilikuwa imekunjuka. Ndani ya ukuta wa chumba cha tatu Kimaiyo alifukua mahali ambapo nyaya mbili ziliunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu tu. Tepu ilikuwa imeiva ikawa ya kahawia, na saruji iliyoizunguka ilikuwa nyeusi kama chungu. Moto ulikuwa umeshaanza kazi yake polepole, pale hasa ambapo mpangaji angeegemeza kitanda.

Kisha Kimaiyo na jirani wakambeba Lewis hadi ghorofani, kwenye ile taa ya veranda. Kimaiyo alifungua kasha, akauvuta nje waya wa kijani na manjano, ule ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ulikuwa na urefu wa kidole. Ulikuwa umekatwa na kuchomekwa ukutani, haukuelekea popote. Ulikuwa hivyohivyo katika kila chumba.

"Kwa nini uliukata?" Kimaiyo aliuliza. Hakuwa na ukali wowote.

Lewis aliutazama waya ule.

"Niliwaona waliokuwa wakinifundisha wakifanya hivyo, kupunguza waya," alisema hatimaye. "Sikujua ni wa nini. Nilijua tu ni wa kijani."

Kimaiyo hakumcheka. Alichukua mita yake ya kupimia, akamwekea mapajani, akamwonyesha namna ya kuisoma. Tangu siku hiyo Lewis alikuwa akizunguka na mzee yule chumba kwa chumba, yeye akisoma vipimo na kuviandika kwa mkono wa kushoto, mzee akivuta nyaya na kueleza kila alichokifanya. Walipomaliza vyumba vya chini, jirani na Kimaiyo walimbeba tena hadi ghorofani. Fimbo ya shaba ya kuupokea umeme uliopotea njia iligongwa kwa nyundo nyuma ya nyumba, ikazama yote ardhini, na Lewis akaomba awe yeye wa kufunga waya wa mwisho.

Kibanda nacho kilibomolewa, na Lewis mwenyewe ndiye aliyekitaja kwanza. Rampu ikajengwa kwa kanuni ile ya futi kumi na mbili za mwendo kwa kila futi moja ya kupanda, ikapewa vishikio pande zote mbili, na mlango wa choo ukapanuliwa hadi sentimita tisini. Saruji ilipokauka, Lewis aliipanda peke yake. Hakutaka kusukumwa. Alikwenda polepole, akapumzika katikati, akafika juu, akaingia ndani, akaingia chooni, akafunga mlango. Truphosa alikuwa amesimama uani na ungo mkononi. Aliusikia mlango ukifungwa, naye hakupata kusikia sauti tamu kuliko ile.

Jepchumba alipigiwa simu, akafika siku hiyohiyo kama alivyoahidi. Alipima kila kitu upya. Alisoma cheti cha Kimaiyo mstari kwa mstari. Kisha akasimama katika chumba cha chini karibu na rampu, akanyoosha utepe wake, akasema swichi ya taa iko juu mno kwa mtu aliyeketi kitini, ishushwe. Kimaiyo alijikuna kichwa. Lewis aliangalia upande wa mamake kwa wasiwasi, akidhani dhoruba inakuja. Truphosa aliangua kicheko, akacheka hadi akashika mbavu, akamwambia Jepchumba kuwa swichi itashushwa kesho, na kama kuna jingine aliseme sasa hivi asije akalisahau. Kesho yake swichi ilishushwa. Ruhusa ikatolewa.

Truphosa alimpelekea Jepchumba jogoo ofisini, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Alimkuta na watu wawili wengine. Jepchumba aliinuka kumpokea, akamshukuru sana, lakini jogoo akakataa kumchukua.

"Nikila jogoo wako leo, mama, kesho nikija kwako utepe wangu utapima kwa haya," alisema.

Truphosa alimuuliza jambo lililokuwa likimtatiza moyoni: kama labda aliwahi kumpoteza mtu wake kwa umeme, ndiyo maana akawa mkali namna ile. Jepchumba alitikisa kichwa. Alisema hakupata msiba wa aina hiyo, tena anamshukuru Mungu kwa hilo. Alikuwa akifanya kazi yake tu, jinsi ilivyoandikwa. Truphosa alirudi nyumbani na jogoo wake, huku akiwaza kwamba huenda huo ndio wema ambao watu huusahau upesi kushukuru.

Wapangaji wakahamia. Mwalimu na pacha wake walichukua chumba cha veranda. Chumba cha chini karibu na rampu kilichukuliwa na Milcah, mshonaji kutoka Olenguruone aliyetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Milcah alimweleza Truphosa kwamba alitafuta nyumba mjini kwa miezi saba, na kila alipokwenda alibebwa kama kiroba cha viazi ili aingie kuitazama. Hapa aliingia mwenyewe, akawasha taa mwenyewe, akasema palepale chini ya mwangaza ule kwamba amekipenda chumba.

Mwezi wa Oktoba Truphosa aliandaa maombi ya shukrani uani. Trizah alikuja kutoka Kamere na maua mengi, Kimaiyo alikuja na mkewe, akina mama wa kanisa walikuja. Truphosa alisimama mbele yao akaungama maneno aliyomsingizia Jepchumba, huku Jepchumba mwenyewe akiwa ameketi mstari wa pili, akiinamisha uso. Yule jogoo alikuwa ameingia sufuriani pamoja na wenzake saba, na safari hii hapakuwa na sababu ya kumkataa.

Baada ya chakula Lewis aliomba nafasi. Wakati huo alikuwa anatembea kwa magongo mawili, naye alikuwa ameandikishwa katika chuo cha ufundi ili asomee umeme kuanzia mwanzo, hadi mtihani na leseni. Alisimama polepole. Kwanza alimshukuru Kimaiyo, akamshukuru na Jepchumba, kisha akamgeukia mamake.

"Mama amenipa mambo mengi tangu nizaliwe," alisema. "Kila nililolilia alinipa. Lakini mnisikilize, leo sikusimama kushukuru kwa hayo. Nimesimama kushukuru kwa siku moja ambayo nililia kwa uchungu kuliko siku zote, naye akaninyima."

Truphosa alikwenda akamshika mkono wenye kovu, wakasimama hivyo mbele ya watu, mmoja analia na mwingine anacheka, wala hukuweza kusema ni yupi aliyekuwa akimfariji mwenzake. Na mtu yeyote aliyekuwapo uani siku ile, akiulizwa, atakubali kwamba wahenga hawakukosea waliposema: mchelea mwana kulia hulia yeye.